Nilikwenda Mwali kulinda kasa, nikaulizwa habari za jarife la kwetu

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa jarife hapa Sahare, Tanga. Jarife ni wavu wa macho makubwa. Hutegewa papa na samaki aina ya taa, hulala majini usiku kucha, na hauchagui anayeingia. Kasa akinasa hupigana nao mpaka pumzi zimwishie, maana hana matamvua kama samaki, lazima apande juu avute hewa. Asubuhi babu humkuta amekwisha kufa, au yu hoi, na kwa vyovyote harudi tena baharini. Nyama ilikatwa nyuma ya nyumba, upande wa mikoko, ikagaiwa jirani kwa jirani. Nimeila tangu sijamaliza kuota meno. Mafuta yake yana rangi ya kijani, na utotoni nilidhani kila mtu duniani ameyaona yakielea kwenye mchuzi.

Nalitanguliza hili kwa sababu nilipofunga begi langu Mei 2023 kwenda Mwali huko Komoro, nchi ya watu, peke yangu, kujitolea kulinda kasa, sikulifikiria hata kidogo. Nilijiona mtu anayekwenda kutoa.

Fikra yenyewe ilianzia kwa samaki mwingine. Nilisoma mambo ya uvuvi Mbegani, Bagamoyo, kisha nikarudi Tanga nikawa naandika takwimu za samaki wanaoshushwa mwaloni Deep Sea: aina, uzito, chombo, zana. Wazee wa pale hawaachi kumsimulia silikanti, yule samaki mwenye mapezi mfano wa miguu, ambaye wataalamu waliamini ametoweka zama za mijusi wakubwa mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili walimpata 1952 huko Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na kumwita gombesa. Kwetu Tanzania alianza kunasa kwenye majarife ya maji ya kina mwaka 2003, mmoja baada ya mwingine, hata mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga. Nikawa najiuliza: hawa wenzetu wa Komoro, wenye samaki yuleyule na bahari ileile, wao wanakaa nayo vipi? Nilipoanza kusoma habari zao nikakuta mambo hayaishii kwa silikanti. Wana kisiwa kidogo, Mwali, na katika Mwali kuna kijiji kinachoitwa Itsamia, ambacho watu wake wamekuwa wakilinda kasa wanaopanda kutaga tangu miaka ya 1990.

Kabla sijafikia uamuzi huo, nilikaribia kwenda kwingine. Nilikutana na tangazo la mahali fulani kusini mwa Afrika: unawanywesha watoto wa simba maziwa kwa chupa, unalala nao, unapiga nao picha. Bei yake ingemeza akiba yangu yote ya kikoba, ya miaka miwili. Picha zilinivuta, siwafichi. Nikaandika swali moja: mama zao wako wapi, na wakishakua wanapelekwa wapi? Nikajibiwa habari za chakula na vyumba vya kulala. Nikauliza tena, nikatumiwa namba ya akaunti. Baadaye nikasoma jinsi biashara ile inavyokwenda. Mtoto hunyang'anywa mama yake siku za mwanzo ili mama ashike mimba nyingine upesi, wageni hulipa kumshika angali mdogo, na akikomaa huweza kuishia kwenye uwindaji wa ndani ya uzio. Mwaka 2021 serikali ya Afrika Kusini yenyewe ilitangaza kwamba inataka ufugaji wa namna hiyo ukome. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja. Mahali panaponiuzia nafasi ya kumshika mnyama wa porini nipendezwe, mnyama yule hayuko pale kwa faida yake.

Jibu lililotoka Itsamia lilikuwa fupi. Utatembea usiku, utahesabu asubuhi, utalala kwa mwenyeji, utalipia chakula chako. Hakuna aliyeniahidi furaha, na hilo ndilo lililonipa imani nao.

Nyumbani shauri lilichukua miezi minne. Mama hakuuliza habari za kasa. Aliuliza, "Utalala kwa nani?" Mjomba, ambaye ndiye msemaji wetu tangu baba alipofariki, alileta suala la maharimu, yaani ndugu wa kiume wa kumsindikiza mwanamke safarini, na hakulileta kwa ugomvi. "Mwanangu, elimu sikukatazi. Naiogopa njia." Niliona hapo kwamba kubishana kwa maneno hakutanifikisha. Nilikwenda kwa bi mmoja wa Kingazija, mjane anayekaa Ngamiani, mwenye jamaa zake Moroni, mji mkuu wa Komoro. Akapiga simu mbele ya mjomba. Zikapita salamu ndefu, akapatikana wa kunipokea uwanjani, wa kunifikisha penye boti, na huko Itsamia bibi wa kunilaza chumbani kwake. Mjomba akazungumza nao mwenyewe mmoja mmoja. Alipoirudisha simu alisema kumbe huko ndiko alikozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumeit, mwaka 1861, yule aliyekuja kuwa kadhi Zanzibar, na kwamba watu wale hawatamtupa mtoto wa watu.

Wasichana huniuliza niliwezaje kusafiri peke yangu. Nilisafiri peke yangu, lakini sikusafiri bila kujulikana. Nilikuwa na majina matatu ya watu wanaoningoja, na kila mmoja wao alikuwa ameisikia sauti ya mjomba wangu. Ukiweza kujenga hilo kabla ya kununua tiketi, jenga. Lina nguvu kuliko bima, ingawa bima nayo kata.

Mambo ya njia nayapitia upesi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nilikuwa nayo mkononi, si ndani ya begi kubwa. Kadi yangu ya benki haikunifaa kitu. Kilichonisaidia ni euro taslimu, nilizozigawa sehemu tatu mwilini na mizigoni, nikawa nabadilisha kidogo kidogo kupata faranga zao. Kutoka Ngazija, kisiwa kikubwa chenye Moroni, kwenda Mwali watu wengi huvuka kwa boti ndogo za faiba, kutoka Chindini hadi Hoani. Mei kusi imeshaanza kuvuma, na bahari ya kati ya visiwa vile ni ya kina kirefu, mawimbi yake hayafanani na haya ya kwetu yanayovunjwa na mwamba kabla hayajafika. Niliomba jaketi la kujiokolea nikaambiwa yamekwisha. Nikashusha begi langu, nikalala palepale, nikavuka kesho yake. Mwenye boti alikasirika, na abiria wawili walinicheka. Siku moja ilipotea na pesa ya kulala ikatoka, na bado naona nilinunua kitu cha thamani.

Kijijini nilipokelewa na Koko. Koko kwao ni bibi, na bibi yule hakupenda nimwite kwa jina jingine. Nilimpa shikamoo akatabasamu tu. Salamu ya mdogo kwa mkubwa kwao ni "kwezi", na mkubwa huitikia "mbona". Siku za mwanzo kila nilipoitikiwa "mbona" moyo ulinishtuka, nikihisi nimekosea jambo naulizwa sababu. Na "marahaba", ambayo kwetu ni kuitikia shikamoo, kwao ni ahsante. Basi nikawa naishi katikati ya maneno ninayoyajua yaliyobadilishana nyumba. Mchanga kwao ni mtsanga. Kasa ni nyamba. Sisi tunaye ng'amba, yule wa gamba la thamani lililokuwa likichongwa vitana na vikuku. Wao jina hilo ni la kasa wote. Nilipogundua hilo nilikaa kibarazani kwa Koko nikawa nalirudiarudia: nyamba, ng'amba. Neno lilivuka bahari kabla yangu, na sikujua.

Mama alinifungia visheti na doti mbili za khanga. Visheti viliisha jioni ileile. Khanga moja Koko aliivaa Ijumaa akaizungusha kijiji kizima, na kuanzia hapo sikuwa tena mgeni wa kituo cha kasa, nikawa mgeni wa Koko. Hizo ni hadhi mbili tofauti kabisa.

Doria ya usiku nilifanya na mlinzi mzee, ambaye kila mtu alimwita Bakoko, pamoja na mkwe wake, mwanamke wa makamo asiyesema sana. Huyu mwanamke ndiye aliyefanya Koko akubali nitoke usiku. Bakoko alikaa Unguja ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, safi. Masharti yake yalikuwa machache. Hakuna nguo nyeupe. Hakuna tochi, hakuna simu. Tembea karibu na maji, na ukiona kichwa, keti ulipo, kwa sababu kasa akiona mwanga au mtu anayetembea kabla hajaanza kutaga hugeuka akarudi na mayai yake tumboni.

Nilimsikia kabla sijamwona. Pumzi moja nzito, kama mtu mzima anayetua mzigo. Tuliketi. Mwezi ulikuwa mdogo, na katika giza lile nikaona sehemu ya ufuo inajisogeza. Alikuwa akivuta hatua mbili tatu, anapumzika, anavuta tena. Kule baharini ni ndege arukaye. Juu ya mchanga kila dhiraa anailipia. Alipofika penye majani alifukua kitako chake kwa mapezi ya mbele, mchanga ukaturukia sisi tuliokuwa mbali. Kisha akatulia, na mapezi ya nyuma yakaanza kazi nyingine. Moja linazama, linakunja mchanga kama kiganja, linautoa polepole na kuuweka kando bila kumwaga. Lililobaki linaupiga kidogo mchanga wa kando usirudi shimoni. Halafu yanabadilishana. Haoni anachokifanya, maana shimo liko nyuma yake, lakini shimo lilitoka na umbo la mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana.

Alipoanza kutaga ndipo Bakoko akawasha taa nyekundu, akaificha kwa kiganja. Mayai meupe, ya mviringo, yanayoshuka mawili mawili, matatu matatu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nilifika 118. Usoni alikuwa akitiririka machozi mazito, na mkwe wa Bakoko akaninong'oneza kwamba wanawake wa kijiji husema ni uchungu wa uzazi. Bakoko akasema ni chumvi. Anakunywa bahari, kwa hiyo Mungu amempa tezi za kuitoa chumvi machoni. Yote mawili niliyaamini usiku ule.

Alifukia, akatupa mchanga huku na huku kuficha mahali penyewe, akarudi majini akiwa amechoka. Tangu apande mpaka maji yamfunike zilipita saa mbili na zaidi. Na hiyo si mara yake moja. Katika msimu mmoja hurudi mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi, kisha hupumzika miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kurudi tena. Amengoja zaidi ya miaka ishirini kufikia umri wa kutaga. Na katika watoto elfu, husemwa, ni mmoja tu atakayefikia umri huo.

Hapo ndipo Bakoko aliponiuliza.

"Akimaliza msimu anakwenda wapi?"

Nikasema nimesoma kwamba huenda mbali kula.

"Hali chochote hapa. Anaishi kwa mafuta yake. Akimaliza anakwenda kwenye majani ya bahari. Wengine Bukini, hiyo Madagaska, wengine Msumbiji, wengine kwenu." Akanyamaza kidogo. "Wewe umetoka Tanga. Mnawala?"

Siku zile walikuwapo pia vijana wawili kutoka Ufaransa, watu wema, wachapakazi. Wao hawakuulizwa swali hili, wala hawakustahili kuulizwa. Mimi nilikuwa mtu pekee kwenye ufuo ule niliyetoka mahali ambako safari ya kasa yule ingeweza kukoma. Ningeweza kumjibu kwamba sheria za uvuvi za Tanzania zinakataza, na ni kweli zinakataza. Lakini aliuliza mnawala, na mimi nilikuwa naiona sufuria ya nyumbani.

"Tunawala," nikasema. "Mimi nimemla."

Hakukasirika. Alizima taa, tukasikiliza bahari. Kisha akasema, "Basi uhesabu vizuri," akatangulia mbele.

Wiki tano nilizokaa, sehemu kubwa ya kazi haikuwa na uzuri wa usiku ule. Baada ya swala ya alfajiri tulipita fukwe kusoma nyayo za usiku uliopita. Kasa wa aina ya yule wa usiku ule huvuta mapezi yote mawili ya mbele pamoja, kwa hiyo njia yake ina alama zinazolingana kulia na kushoto, pana karibu mita moja. Ng'amba hupiga moja moja, na njia yake ni nyembamba zaidi. Unatazama njia ya kupanda na ya kushuka. Unatazama kama juu pana shimo lililofukiwa kweli au aligeuka tu. Unaandika, kisha unaikata njia ile kwa mstari wa mguu, ili kesho asije mtu akaihesabu tena. Kupanda, kushuka, shimo, mstari. Siku baada ya siku, na jua likishachomoza mchanga unaunguza.

Kuna asubuhi ya mvua kubwa ambayo nilikuwa nimechoka mno. Ufuo wa mwisho uko nyuma ya mawe, na maji yalikuwa yanajaa. Nilitazama kwa mbali, nikaandika 11, nikarudi. Bakoko alisoma daftari akiwa amesimama.

"Umeziona au umezikisia?"

Nikanyamaza.

"Namba hii wataisoma watu ambao hawatakujua wala hawatanijua. Ukiongeza mmoja, umezaa kasa asiyekuwapo. Ukipunguza mmoja, umemuua. Ni amana hii, mwanangu."

Tulirudi wote wawili. Mvua na maji vilikuwa vimeshafuta sehemu kubwa. Nilidhani ataandika zile chache tulizoziona. Aliandika: ufuo huu leo haukuhesabiwa. Akaniambia pengo la kweli lina faida kuliko namba ya uongo, kwa kuwa atakayekuja atajua pana pengo.

Nililia njiani, na sababu si kwamba alinikaripia, maana hakunikaripia. Nilikuwa nimeukumbuka mwalo wa Deep Sea. Ni mara ngapi nimekaa pale na jua la saa saba, wavuvi wanaharakisha kuuza, nikaandika kilo kwa macho? Serikali na wataalamu hupanga kwa karatasi kama zile ni nyavu gani ziruhusiwe, ni miezi gani pweza apumzishwe. Nilikuwa nimejaza samaki wasiokuwapo kwa miaka mitatu, na nilijiita mtu wa uhifadhi.

Jingine nililolitazama kwa makini ni nafasi yangu mwenyewe. Kila nilipopewa kazi niliuliza kwanza kama yupo mtu wa kijiji anayelipwa kuifanya. Mara moja nilikuta yupo, kijana wa kufagia na kupokea wageni, nikaiacha. Mgeni anayejitolea bure anaweza kumnyima mwenyeji riziki yake bila kukusudia, na kijiji kikishakosa riziki kutoka kwa kasa hai, kasa aliyekufa ana soko. Hilo nililiona kwa macho. Asubuhi moja kwenye ufuo wa mbali tulikuta gamba limegeuzwa juu chini, nyama imechukuliwa, mayai ambayo hayajakomaa yametapakaa kama viini vya mayai ya kuku. Walikuja usiku kwa boti. Bakoko alivua kofia yake. Mkwe wake alikusanya yale mayai kwa mikono akayafukia, akijua hayatatoka kitu. Nilipomsimulia Koko, alikaa kimya muda, akasema, "Nao wana watoto," kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini sisi hatuna?"

Upweke ulinijia wiki ya pili, usiku ambao hatukutoka. Harufu ya mlangilangi ilipita dirishani, na visiwa vile vinasifika kwa maua hayo ulimwenguni, lakini mimi ilinipeleka moja kwa moja kwenye nywele za mama yangu siku ya harusi ya dada. Nilitaka kurudi kesho yake. Koko hakuniuliza nina nini. Aliniamsha mapema kuliko kawaida, akanipa kinu nitwange majani ya muhogo kwa ajili ya mataba, kisamvu cha kwao. Ukiwa ugenini na moyo umekushinda, tafuta kazi ya jikoni.

Siku za mwisho nilishuhudia mayai yaliyotagwa kabla sijafika yakianguliwa. Huchukua karibu miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: ukizidi nyuzi 29 hivi wengi hutoka majike, ukipungua hutoka madume. Ndiyo maana wenyeji hawapendi miti ya ufukweni ikatwe, na ndiyo maana joto la dunia linawatisha. Mchanga ulitutumka, likatoka pua moja, kisha ukachemka wote. Vitu vyeusi, vidogo kuliko kiganja, vikakimbilia mwanga wa bahari. Lau pangekuwa na taa ya hoteli nyuma yetu, vingekimbilia taa na kufa barabarani. Kaa walikuwa tayari wamejipanga. Nilikatazwa kuwabeba, niliruhusiwa kusimama tu. Nikasimama.

Kurudi nilipanda ndege ndogo. Uwanja wa Mwali unaitwa Bandar es Salam, na nilipolisikia jina hilo sikuweza kujizuia machozi.

Nyumbani nilifikiri nitasimama mbele ya wavuvi wa Sahare niwahutubie. Niliomba nafasi kwenye mkutano wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi wa pale, na mvuvi mmoja rika la mjomba aliniuliza swali lake kabla sijafika mbali. "Binti yangu, kasa amekwisha kufa kwenye wavu. Nimtupe, watoto wakalale na nini?" Sikuwa na jibu lililotosha, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia ninachokijua. Nyama ile huweza kuwa na sumu isiyoonekana wala isiyotoka kwa kupikwa: Pemba mwaka 2021 iliua watu saba, na Machi 2024 kisiwa cha Panza iliua tisa, wanane wao watoto. Ukumbi ulikuwa kimya, maana wengi wana ndugu Pemba. Kisha nikawaeleza kwamba kasa anayeonekana amekufa mara nyingine hajafa. Mlaze kifudifudi kivulini, inua sehemu ya nyuma ili maji yamtoke mapafuni, mloweshe kwa kitambaa, ungoje saa nyingi. Na jarife likaguliwe usiku, lisiachwe mpaka asubuhi. Sikuwasimulia habari za mwezi na machozi. Nilisema tu kwamba nimeila nyama hiyo, na nimeulizwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Kusini yetu, mbele ya Pangani, kipo kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado hupanda pale kutaga, na wapo watu wanaoyahamisha mayai yao mpaka ufuo wa Ushongo yasizame. Wanaifanya kazi hiyo karibu nami kiasi hiki, na mimi nilivuka bahari kuu kabla sijawahi kukanyaga Ushongo. Sisemi nilikosea kwenda Mwali. Nasema nilipofika Ushongo mwaka jana, mlinzi wa pale aliniuliza kwa upole nilikuwa wapi siku zote, nikakosa pa kutazama.

Mwezi uliopita, saa nne usiku, simu ililia. Alikuwa kijana mmoja wa Sahare, mtoto wa yule mzee aliyeniuliza swali. "Dada, njoo na daftari." Nilikwenda kwa baiskeli. Walikuwa wamemlaza kasa juu ya mkeka, nyuma wameinua kwa tairi bovu, na mzee mwenyewe alikuwa ameketi kando na ndoo ya maji, anamlowesha gamba kwa shati lake. Yu hai, lakini macho mazito. Kwanza nilitafuta kwenye mapezi kile kipande cha chuma cha utambulisho. Hakikuwapo.

Nilitoa futi ya kupimia, na kwa kuwa giza lilikuwa zito nikasema niandike sentimita tisini, kesho nitarekebisha.

"Pima," akasema mzee. "Si ulituambia tusikisie?"

Akashika ncha moja ya futi, mimi nikashika nyingine. Sentimita 94. Tarehe, mahali, zana: jarife. Hali: hai. Tulingoja mpaka saa tisa, maji yalipojaa, akaanza kupiga mapezi. Walimbeba wanne. Alipozama, kijana akachungulia daftari langu, akaona sehemu ya mwisho haijajazwa, panapoandikwa alikotoka.

"Andika Komoro," akasema.

Nikaandika: haijulikani.